Karatasi za Klabu na Pampu ya Mwaka Juzi

Mbele yangu zipo karatasi za klabu moja ya kutoa huduma katika mji mdogo wa pwani yetu. Mji sitautaja, wala klabu, kwa kuwa niyasemayo leo hayakusudii kumwaibisha mtu. Kila juma klabu hiyo hutoa karatasi yake ya habari, kurasa mbili, aghalabu tatu, na rafiki yangu aliye mwanachama huniletea nakala akijua kwamba mimi ni mtu wa kusoma kila kilichoandikwa, hata kile kinachofungiwa bajia.

Nakiri kuwa nazipenda karatasi hizo. Humo huandikwa nani alihudhuria mkutano na nani hakuonekana. Huandikwa kwamba mgeni wa juma alikuwa daktari wa meno, akazungumza juu ya ufizi hata chakula kikapoa. Sajenti wa klabu, ambaye kazi yake ni kutoza faini za mzaha ili mfuko wa hisani upate kujaa, amemtoza mmoja kwa kuchelewa, na mwingine kwa kuja na tai yenye doa la mchuzi. Jumamosi kutakuwa na matembezi ya kuchanga fedha za miwani ya wazee. Mkaaji wa mji mkubwa akisoma hayo atacheka. Mimi sicheki, kwa sababu mji mdogo hujijua kwa habari ndogo, na anayetaka kujua watu wa mahali fulani wanajaliana vipi asianzie kwenye hotuba za sikukuu.

Desturi hii ya watu wa kazi mbalimbali kukutana kila juma ilianzia Marekani. Tarehe 23 Februari 1905 wakili mmoja wa Chicago, Paul Harris, alikutana na wenzake watatu ofisini mwa mmoja wao, na kwa kuwa walikuwa wakizunguka, juma hili ofisi ya huyu na juma lijalo ofisi ya yule, wakakiita chama chao Rotary. Nia yao ya kwanza ilikuwa urafiki na kusaidiana katika biashara. Wema ulifuata baadaye, na ulianzia mahali ambapo wengi hawangependa kutaja: mwaka 1907 walianza kushughulikia ujenzi wa vyoo vya umma mjini mwao. Mwaka 1917, huko huko Chicago, Melvin Jones akaanzisha Lions, na mwaka 1925 Helen Keller, mama yule aliyekuwa haoni wala hasikii, akawahutubia na kuwaomba wawe watetezi wa vipofu. Ndiyo maana mpaka leo ukisikia miwani ya bure au upasuaji wa mtoto wa jicho, mara nyingi Lions hawako mbali. Nao Rotary walishika vita vya polio tangu mwaka 1985, na mwezi Agosti 2020 Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ikatangazwa kuwa huru na virusi asilia vya ugonjwa huo. Si kazi ya mchezo hiyo. Nalisema hili mapema ili nisije nikahesabiwa miongoni mwa wale ambao kila wakiona mtu mwenye suti akitoa sadaka hutafuta alichokificha mfukoni.

Sasa nije kwenye lililonitia kalamu mkononi. Katika karatasi moja ya mwaka juzi, ukurasa wa kwanza, palikuwa na picha ya pampu ya mkono, imepakwa rangi ya buluu, na ubao wenye jina la klabu. Wanachama wamesimama nyuma yake, na mbele mtoto akinywa maji kwa viganja. Chini imeandikwa kwamba mradi umekamilika. Miezi michache iliyopita nilipita kijiji hicho nikienda mazishini, nikaiona pampu yenyewe. Ubao ungali ukimeta. Mkono wa pampu ulipanda na kushuka bila kuleta tone, na juu ya sakafu yake mbuzi wawili walikuwa wamelala kivulini.

Nikauliza tangu lini. Tangu kabla ya Ramadhani, nikajibiwa. Akina mama wamerudia kisima cha zamani chenye maji ya chumvichumvi, na watoto wa kike hufika shule jua limekwisha kupanda, kwa sababu foleni ya kisima hungojwa na wao.

Pale matangani nilikaa na mama mmoja mwenye umri wa kunizaa, mweka hazina wa chama chao cha kufa na kuzikana. Nikamwamkia, akaniitikia, na aliposikia kwamba nimesoma chuoni akanitolea daftari lake niliangalie. Limeandikwa Kiswahili kwa hati za Kiarabu, zile nilizofunzwa kwa ubao na wino kabla sijajua kuandika jina langu kwa herufi nyingine. Nilisoma kurasa kadhaa, na kusema kweli niliona haya kwa niaba ya wasomi wenzangu. Katika matanga fulani zilitoka sufuria kubwa mbili, sinia nne na majamvi sita. Siku ya tatu zimerudi sufuria mbili, moja imetoboka, atalipa fulani. Juma lifuatalo: fulani amelipa nusu. Juma la tatu: amemaliza, sufuria imetiwa kiraka, iko kwa mama fulani. Hakuna chombo cha chama hicho ambacho huwezi kukifuata kutoka nyumba hata nyumba kwa muda wa miaka kumi.

"Na pampu?" nikamwuliza. "Mbona pampu haimo?"

"Pampu si yetu, mwanangu," akasema. "Ni ya klabu. Husomi ubao?"

Wana fedha. Kwenye mfuko wao siku ile zilikuwamo shilingi elfu sita na kitu, na wangekubali kuzitoa. Lakini waliogopa kugusa mali ya wenyewe, na hawakujua kipuri kinauzwa wapi. Fundi aliyeifunga alitoka mjini akarudi mjini.

Basi tutazame. Pampu ile ni ya aina ya Afridev, na historia yake ni yetu. Ilijaribiwa na kuendelezwa hapa hapa Kwale katika miaka ya 1980, na waliohangaika nayo walikuwa na shabaha moja hasa: kwamba pampu iharibikapo, wanakijiji wenyewe waweze kuitengeneza. Ndiyo maana imeundwa hivi kwamba spana moja huifungua karibu yote, na vipira vya ndani vinavyokwisha upesi huweza kutolewa bila kung'oa bomba zima. Shirika la KWAHO lilikwenda vijijini na kukaa na akina mama, wakaunda kamati zao, wakafunzwa kufungua na kufunga pampu kwa mikono yao, na fedha za matengenezo wakaziweka wenyewe. Watu walitoka mbali kuja Kwale kujifunza. Leo, zaidi ya miaka thelathini baadaye, katika pwani ile ile, pampu ya aina ile ile inalala na mbuzi kwa kukosa kipira ambacho bei yake haifiki ya kuku.

Wala hili si geni katika dini na mila zetu. Sisi tuliosoma chuoni twafundishwa habari za sadaka jariya, nayo jariya maana yake ni yenye kupita, yenye kutiririka. Ikisimama imekuwa kitu kingine. Wazee waliochimba visima misikitini hawakuishia kwenye kuchimba. Mtu alitoa wakfu minazi kadhaa, na mapato ya nazi zile yakawa ya kamba, ndoo, mafuta ya taa na mikeka. Aliyetoa alijua kwamba kamba hukatika.

Na akina mama wetu pia wana kisomo cha mambo haya. Margaret Strobel, katika kitabu chake cha mwaka 1979 juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa, ameeleza jinsi vyama vya lelemama vilivyokuwa vikishindana kwa ngoma na nguo vilivyowapa wake wa mji ujuzi wa kuongoza na kuchangisha, na jinsi katika miaka ya 1950 baadhi yao walivyoanzisha vyama vya elimu na misaada. Kwa hivyo atakayesema kwamba vijijini hakuna watu wa kuachiwa mradi, na aje nimwonyeshe lile daftari.

Nionavyo mimi kosa la klabu halikuwa roho mbaya. Kosa ni karatasi yenyewe. Kila juma yataka habari mpya, na pampu ya mwaka juzi si habari mpya. Mwenyekiti hubadilika kila mwaka, na kila mwenyekiti ataka mradi wake na picha yake. Wa jana hauna wa kuuuliza. Tena yote huandikwa Kiingereza. Sina ugomvi na Kiingereza, lakini mama yule anaweza kusoma hati mbili na hawezi kusoma karatasi iliyobeba picha ya kijiji chake, wala ubao ule hakuusoma mwenyewe, alisomewa na mjukuu. Kama pale chini ya jina la klabu pangeandikwa kwa Kiswahili "Mali ya kijiji, kipira kikiisha ulizeni duka fulani," huenda nisingeandika makala haya.

Nashauri klabu hiyo, na nyinginezo zilizo kama hiyo, zitenge robo ya ukurasa kila juma kwa habari za vitu vilivyokwisha kutolewa. Madawati ya mwaka fulani yako vipi? Tangi la shule lavuja au halivuji? Mwanachama mmoja apande matatu, aende, aangalie, aandike mistari minne. Na asipokwenda, sajenti amtoze faini, maana hiyo kweli itakuwa na sababu kuliko doa la mchuzi.

Rafiki yangu nilimweleza yote, akasikitika, akaahidi kulifikisha mkutanoni. Karatasi ya juma lililofuata ilikuja: mgeni alikuwa mtu wa benki. Ya juma hili nayo imefika, na matembezi ya miwani yalifana, nami nawapongeza. Pampu haikutajwa. Nimemwambia sasa asihangaike na mkutano; aniandikie tu jina la duka linalouza vile vipira na bei yake, nimpelekee mama yule, akiingize daftarini.