Sanaa ya Vilivyomo Nyumbani

Yako maneno yanikerayo kila niyasikiapo, nayo ni kwamba sanaa ni mambo ya watu wenye nafasi na fedha. Wayasemao ndio hao hao wapitao Voi, wakanunua kikapu baada ya kuomba kupunguziwa bei mara tatu, kisha wakakitia ndizi za Taveta na kukisahau jikoni.

Natukitazame kikapu chenyewe, ndugu msomaji. Kiwiliwili chake ni mkonge, na mkonge si mwenyeji wa nchi hizi. Dkt. Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika Tanga mwaka 1893 ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Baadaye kilimo hicho kikavuka mpaka, na leo shamba la Mwatate ni miongoni mwa mashamba makubwa ya mkonge. Kabla ya hapo watu walisokota nyuzi za maganda ya miti, mbuyu ukiwa mmoja wao. Mkonge ulipojaa kando ya njia, mama wa Kitaita aliutwaa akausokotea pajani kama alivyozoea. Basi hata hicho tukiitacho kitu cha asili kilitokana na mtu kunyosha mkono akashika kilicho karibu.

Na mkono haukukoma hapo. Nimeona vikapu ambavyo mstari wake mwekundu ni uzi wa sufu uliofumuliwa kutoka sweta kuukuu la shule, na ukingo wake ni utepe uliochanwa katika gunia la mbolea. Kabla mifuko ya plastiki haijapigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017, nayo ilikatwa na kupotwa pamoja na mkonge. Hakuna aliyekwenda chuoni kufundishwa kuchanganya namna hiyo. Tena kazi yenyewe ni ya vipande vidogo vidogo: leo mizunguko miwili mtu akingoja maji yachemke, kesho mmoja njiani kwenda sokoni, na baada ya majuma kadhaa kikapu kimekamilika.

Sisi wa pwani hatuna haki ya kulistaajabia jambo hili. Ukili wetu husukwa barazani baada ya alasiri, siku baada ya siku, hata ukatosha kushonwa msala. Kofia ya vito hushonwa tundu kwa tundu kwa miezi. Nakshi hizo hazina sura ya kiumbe hai. Ni pembe, mistari na duara, na ukiziweka kando ya kikapu cha Kitaita utaona kwamba macho yaliyozipanga yanasikilizana.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Tangu mtaala wa umilisi uanze katika madarasa ya chini mwaka 2019, watoto wetu wana somo la sanaa, na hilo ni jambo la heri. Lakini ziko shule ziligeuzazo somo hilo kuwa orodha ya kununua. Mtoto wa jirani yangu, katika shule ambayo sitaitaja, aliletwa nyumbani na karatasi ya manila, gundi ya chupa, rangi za maji na karatasi za kumetameta, vyote vitakiwe kesho yake asubuhi. Mama yake huuza maandazi. Alikopa. Kazi ile ilitundikwa ukutani siku mbili ikatupwa. Hii ni israfu, na mbaya zaidi inamfunza mtoto kwamba asiye na fedha hana la kutengeneza.

Voi imejaa vifaa! Udongo mwekundu wa Tsavo, ule uwapakao ndovu rangi, ukichekechwa kwa kitambaa na kukorogwa kwa maji hutoa rangi nzuri kuliko nyingi za dukani. Makaa yapo. Kwa fundi cherehani viko vipande vya kanga na kaniki vinavyofagiliwa kila jioni. Ncha ya jani la mkonge ikipondwa huwa brashi. Mbegu za mkwaju, visoda vya chupa na boksi la majani ya chai havina bei. Gundi ni uji mzito. Atakayeniuliza kama kugundishia chakula si makosa, namwambia atumie uji uliobaki sufuriani, na atumie kidogo, maana mende nao huupenda.

Hapo mwalimu amwambie mtoto akate boksi kipande cha ukubwa wa kiganja, na kila siku abandike na kupaka kimoja, dakika kumi tu. Vingine vitakuwa vibaya, navyo visitupwe. Mwisho wa mwezi avishone kwa uzi wa mkonge kama tushonavyo ukili, ndipo mwalimu atoe alama, akitazama mtoto alivyobadilika tangu kipande cha kwanza hadi cha mwisho.

Kina mama wasusi nao nina neno nao. Agizo likija la vikapu mia vya sura moja, vifumeni, kwani karo haingoji. Siwezi kumlaumu anayelisha watoto. Ila naomba kila mmoja awe na kikapu chake kimoja pembeni, asichoagizwa na mtu, apachike humo uzi wowote alioupata siku ile. Mama mmoja sokoni Voi alinionyesha cha kwake, kina rangi saba na kipande cha leso ya marehemu mama yake. Nilimwuliza bei.

“Hiki si cha kuuza, baba,” akasema. “Chagua katika vile pale.”