Jokofu la Kalokol: Lifufuliwe au Ligeuzwe?

Mpwa wangu wa Mombasa amepata sanduku la mchezo wa video la miaka ya 1980, lile la kusimama wima ambalo mtu hutia sarafu ndipo acheze. Mbao zake nzima, kioo chake kimekufa. "Mjomba," ameniuliza, "nitafute vyombo vyake vya asili nilirejeshe lilivyokuwa, au nitoe matumbo yote nitie kompyuta?" Mchezo wenyewe siujui. Lakini swali lake nalijua, maana nililikuta Longech, na huko linagusa riziki za watu.

Longech ni ulimi wa mchanga katika Ziwa Turkana, unaoikinga Ghuba ya Ferguson na mawimbi. Ng'ambo ya ghuba hiyo ni Kalokol, kilomita kama 60 kutoka Lodwar. Hapo Norway ilijenga kiwanda cha kugandisha samaki, kikamalizika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mitambo yake ilifanya kazi siku chache tu, ikazimwa. Umeme wa kugandisha ulikuwa ghali kuliko faida ya samaki wenyewe, na maji safi ya kuoshea yangetoka wapi katika jangwa lile, na ziwa lenyewe maji yake ya magadi? Haukupita muda ghuba nayo ikakauka. Mwaka 1990 Kenya ikavunja uhusiano na Norway, na wajenzi wakaenda zao.

Wengi hucheka wakisema: Waturkana ni wafugaji, wapi na samaki? Mimi kicheko hicho sikikubali. Wazee wao walivua kwa matenga katika ghuba hiyo hiyo, na baada ya njaa ya 1961 serikali iliwaleta wengi ziwani waliopotelewa na mifugo. Kosa halikuwa samaki, lilikuwa barafu. Watu wale walikuwa wakipasua ngege na sangara, wakiwatia chumvi na kuwaanika juani, yaani ng'onda ile ile tuijuayo sisi watu wa pwani. Ng'onda haitaki umeme, na husafiri mbali bila kuoza. Ndiyo maana jumba lile la barafu baadaye lilitumiwa kuwekea samaki wakavu. Wenyeji, ndugu msomaji, walikwisha kuligeuza kabla hajaja mtaalamu yeyote kuwashauri.

Hata hivyo, habari ya kulifufua imesikika zaidi ya mara moja, na wasemao hivyo wana hoja. Samaki mbichi wa barafu ana soko ambalo ng'onda haliingii, na mvuvi asiye na barafu huuza kwa bei atakayo mchuuzi. Lakini nani atalipa umeme? Ng'ambo ya mashariki ya ziwa hilo hilo, Loiyangalani, mitambo ya upepo iliyozinduliwa mwaka 2019 huzalisha hadi megawati 310, na waya wake huchukua nguvu hiyo zaidi ya kilomita 400 mpaka Suswa. Tena ziwa halitulii: ghuba iliyokauka miaka ya 1980 ilikuja kufurika miaka ya karibuni, maji yakaingia majumbani mwa watu. Mtambo mzito huwekwaje kwenye ufuko unaohama?

Katika chuo tulisomeshwa mas'ala ya wakfu uliokatika manufaa. Madhehebu yetu ya Shafi ni mazito katika kuubadilisha. Imam Ahmad bin Hanbal aliruhusu, maadamu kheri iliyokusudiwa iendelee. Kiwanda si wakfu, najua, ila kipimo ni kizuri: tazama kilichokusudiwa, usitazame chombo. Kilichokusudiwa Kalokol ni mvuvi apate bei.

Basi rai yangu ni ligeuzwe, na kwa makusudi, si kwa kuachiwa tu. Yatolewe majokofu makubwa, ubaki mtambo mmoja wa ushahidi. Sakafu ipewe wanawake wakaushao samaki, pamoja na chanja za kuanikia zilizoinuliwa na mchanga, ghala lisilopenya mvua wala mende, na mizani ya haki. Kidogo cha barafu kitengenezwe kwa umeme wa jua, ambalo huko halina upungufu, kwa wale wenye mteja wa samaki mbichi.

Mpwa wangu nimemwandikia atoe matumbo. Bado hajanijibu.