Skrini tatu si anasa, mradi rula itangulie

Wahenga walinena kuwa macho hayana pazia. Kauli hiyo ilinirejea akilini wakati wa likizo iliyopita, nilipoitwa na shemeji yangu kuamua ugomvi uliozuka nyumbani kwake baina yake na mwanawe anayesoma shule ya upili. Kijana huyo, ambaye ni mpwa wangu, alikuwa amedunduliza fedha kwa muda mrefu, akanunua skrini tatu za kompyuta zilizokwisha kutumika katika ofisi fulani. Alizipanga juu ya meza moja ili aendeshee programu inayoigiza urushaji wa ndege.

"Shemeji," baba mtu aliniambia kwa uchungu, "nimejinyima ili mtoto huyu asome, naye ameigeuza sebule yangu kuwa duka la televisheni. Mchezo mmoja, skrini tatu! Kesho nazipeleka sokoni."

Sikumlaumu. Mzazi anayelipa karo kwa jasho lake ana haki ya kuuliza kila shilingi imekwenda wapi. Hata hivyo, baada ya kuketi mbele ya meza ile kwa saa mbili, niliondoka na msimamo ambao ningependa walimu na wanafunzi waupime. Skrini tatu za aina hiyo zaweza kuwa darasa la hisabati na fizikia ambalo shule nyingi hazina. Zaweza pia kuwa upotevu mtupu wa fedha. Kinachotenganisha mambo hayo mawili ni kupima. Bei ya vifaa haina neno hapo.

Kwanza tujiulize: kwa nini tatu? Mwanadamu anayetazama mbele huona, kwa macho yake mawili, upana unaokaribia nyuzi 180. Skrini moja ya inchi 27 ina upana wa sentimita 60 hivi. Ikiwekwa sentimita 60 kutoka machoni, huchukua nyuzi 53 tu za upana huo. Sasa mfikirie rubani mwanafunzi anayejifunza kuzunguka uwanja kabla ya kutua. Hupita sambamba na njia ya ndege, nayo njia huwa ubavuni mwake, kwa kawaida upande wa kushoto. Humpasa kuitupia jicho mara kwa mara, akadirie umbali wake na atambue wakati wa kukata kona. Kwenye skrini moja njia hiyo hutoweka kabisa, na mwanafunzi hubaki akibonyeza vitufe ili ageuze kichwa cha uongo. Skrini za pembeni humrudishia sehemu kubwa ya ubavu wake. Hiyo ndiyo kazi yake, wala si mapambo.

Lakini kuwa na skrini tatu ni jambo moja, na kuzipanga ni jambo jingine. Nilimwomba mpwa wangu aniongoze hadi uwanja wa Wilson hapa Nairobi. Mara tatu tulitua kwa kishindo. "Mjomba, tatizo ni kadi ya picha," alijitetea. "Nikipata mpya, mambo yatanyooka." Nilitazama jinsi alivyozipanga. Zote tatu zilikuwa zimesimama kwenye mstari mmoja mnyoofu kama ukuta, na kila moja alikuwa ameiagiza ionyeshe nyuzi 90, "ili nione pande zote kwa pamoja."

Hapo ndipo mimi niliyewahi kushika chaki nilipomtuma alete mkebe wake wa hisabati. Tulipima upana wa skrini: sentimita 60. Tulipima umbali kutoka jichoni: sentimita 60. Nusu ya upana ni 30. Ukigawanya 30 kwa 60 unapata 0.5, na pembe ambayo tanjenti yake ni 0.5 ni nyuzi 26.6. Mara mbili yake ni nyuzi 53. Hiyo ndiyo pembe ambayo skrini ile huijaza machoni, na hiyo ndiyo iliyopaswa kuandikwa katika programu.

Yeye aliandika 90. Nusu ya 90 ni 45, na tanjenti ya nyuzi 45 ni 1, yaani maradufu ya 0.5. Maana yake ni kwamba kila kitu kilichokuwa mbele yake kilionyeshwa kwa nusu ya ukubwa wake wa kweli, ikiwemo njia ya ndege. Nayo njia inayoonekana nyembamba kuliko ilivyo ni mdanganyifu mkubwa: humfanya rubani adhani angali juu, kumbe ardhi imefika. Ndege ya mpwa wangu haikuwa na hitilafu yoyote, wala kadi ya picha haikuwa na kosa. Kijana alidanganywa na tarakimu aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe.

Tulizigeuza skrini za pembeni kuelekea kitini, kila moja nyuzi 53 kutoka mstari wa skrini ya kati, ili zote zimkabili mtazamaji kutoka umbali ule ule. Tukairekebisha programu: kila skrini nyuzi 53, ya kushoto ielekezwe nyuzi 53 kushoto, ya kulia nyuzi 53 kulia. Jumla ikawa nyuzi 159. Upeo wa macho ukaungana kutoka skrini hadi skrini bila kupinda. Alipotua tena, magurudumu yaligusa ardhi kwa utulivu. Baba mtu, aliyekuwa amesimama mlangoni amekunja mikono, alisogea akauliza, "Kwani hiyo ndiyo tanjenti wanayofundishwa?"

Naam, ndiyo hiyo. Na hesabu haikuishia hapo. Skrini moja ya kawaida ina pikseli 1,920 kwa 1,080, yaani zaidi ya milioni mbili. Tatu zina zaidi ya milioni sita. Ikihitajika picha 30 kwa sekunde, kompyuta hulazimika kuchora pikseli zaidi ya milioni 186 kila sekunde. Ndiyo sababu kompyuta iliyoimudu skrini moja hugugumia ikipewa tatu. Tiba ya kwanza ni kupunguza wingi wa mawingu, miti na vivuli kabla ya kukimbilia dukani. Vilevile, anayenunua skrini zilizotumika afadhali angoje apate tatu zinazofanana kwa ukubwa na kimo. Akichanganya, upeo wa macho utapanda na kushuka kama ngazi.

Kuna watakaosema kwamba rubani hafunzwi kwa skrini nyingi. Nakubaliana nao, na historia iko upande wao. Mwaka 1929 Mmarekani Edwin Link, aliyetoka katika familia yenye kiwanda cha vinanda huko Binghamton, jimbo la New York, aliunda mashine ya kufunzia urubani iliyoyumbishwa kwa viriba vya hewa. Mwaka 1934, baada ya marubani kadhaa wa jeshi la Marekani kufa wakisafirisha barua katika hali mbaya ya hewa, jeshi hilo lilianza kuinunua. Mwanafunzi aliyejifunza kuruka kwa vipimo alifunikwa ndani yake asione nje hata chembe. Mashine hiyo isiyokuwa na skrini yoyote ilitumika kuwafunza maelfu kwa maelfu ya marubani katika Vita vya Pili vya Dunia.

Funzo ni kwamba kila kifaa kina somo lake. Anayejifunza kusoma vipimo vya mwinuko, mwendo na mwelekeo anatosheka na skrini moja. Anayejifunza kuzunguka uwanja na kutazama nje ndiye mwenye haja ya tatu, na hata huyo asidhani amefika. Nyuzi 159 humwonyesha hadi nyuzi 80 hivi upande wa kushoto. Bawa liko kwenye nyuzi 90, na mahali pa kukata kona huonekana nyuma ya bawa. Bado atageuza kichwa cha uongo. Isitoshe, saa zinazotumiwa mbele ya kompyuta ya nyumbani hazihesabiwi katika leseni ya rubani. Asiye na subira ya kuanza na skrini moja atavuna hasara.

Kwenu walimu, nina ombi. Somo la usafiri wa anga limefundishwa katika shule chache mno hapa nchini, Mang'u ikiwa mojawapo. Lakini tanjenti hufundishwa kila mahali, na wanafunzi kila mahali huuliza itawafaa nini. Programu ya FlightGear hutolewa bure, na huweza kuonyesha mandhari kwenye skrini kadhaa. Penye chumba cha kompyuta, skrini tatu zaweza kuunganishwa alasiri moja na kurejeshwa jioni. Pasipo na kompyuta, mwalimu aweza kusimamisha manila tatu juu ya dawati, mwanafunzi akakaa katikati, na darasa likapima pembe kwa protrakta. Kisha waulizwe kwa nini ndege inayoondoka Wilson, zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, huhitaji mbio ndefu kuliko inayoondoka Malindi. Fizikia itakuwa imeingia bila kubisha hodi.

Nanyi wazazi, kabla ya kuuza, ulizeni. Mtoto akiweza kuwaeleza kwa karatasi na kalamu kwa nini skrini imekaa pale ilipo, mwacheni aendelee. Akishindwa, msimpe shilingi nyingine hadi aweze. Hayo ndiyo masharti tuliyoyaandika sebuleni kwa shemeji. Skrini hazikupelekwa sokoni, wala kadi mpya haikununuliwa. Kilichonunuliwa ni protrakta, kwa kuwa ile ya zamani ilikuwa imevunjika, na hakuna aliyekuwa ameona haja yake.