Mwenye macho haambiwi tazama, lakini wewe umetazama?

   

Wiki hii safu yako imepiga kambi Mkwajuni, makao makuu ya Wilaya ya Songwe, huku ambako vijana wanaamka na sululu na kulala na stori za dhahabu. Lakini leo sina habari ya mashimo. Leo nataka tuongee kuhusu kideo. Tena si kideo tu, bali zile tuzo wanazopewa watu wanaotuburudisha usiku, saa ambazo kila mtu amesharudi nyumbani, ameoga, amekula na amekaa mkao wa kutazama.

Naingia moja kwa moja kwenye mada, sipendi kukuchosha. Kuna ugonjwa umetuingia vijana wa mjini na sasa umefika mpaka huku kwenye vumbi. Tunapiga kura kumchagua mwigizaji bora wa mwaka, na kazi yake hatujaiona hata dakika tano. Nasema uongo?

ILIANZA NA MWANASESERE

Tuanze kwa wenzetu Marekani, maana wao ndio wamelizoea jambo hili. Tuzo zao kubwa za vipindi vya televisheni vya usiku zinaitwa Emmy. Siku hizi ukiwaona mastaa wanavyotembea juu ya zulia jekundu, wamevaa nguo za bei ya nyumba ya mtu, utadhani mambo yalianza hivyo hivyo. Wapi!

Tuzo za kwanza zilitolewa tarehe 25 Januari, 1949, Los Angeles. Tiketi ilikuwa dola 5. Zilitolewa tuzo sita tu, na vilivyoshindanishwa ni vipindi vya mji huo na vitongoji vyake, basi. Mtu wa kwanza kabisa kuondoka na Emmy hakuwa jitu la filamu. Alikuwa binti mmoja aitwaye Shirley Dinsdale, ambaye kazi yake ilikuwa kumchezesha mwanasesere na kumsemea bila midomo kutikisika. Ndiyo hivyo, mwanasesere!

Hata jina lenyewe lilitafutwa kwa tabu. Kwanza walitaka kuiita Ike, kwa kufupisha jina la kifaa kimoja cha televisheni za wakati ule. Wakakumbuka kuwa Ike ni jina la utani la Jenerali Eisenhower, yule aliyekuja kuwa rais wao. Wakahamia kwenye Immy, kutokana na kifaa kingine cha ndani ya kamera. Na kwa kuwa sanamu ni ya mwanamke mwenye mabawa, Immy akageuka Emmy. Sanamu hiyo inang'aa kwa dhahabu, ila nawaambia wachimbaji wa huku wasipate presha: dhahabu imepakwa juu tu, ndani kuna madini mengine.

Nimekwambia haya yote ili ujue kitu kimoja. Tuzo haizaliwi kubwa. Inakuzwa na watu wanaoiheshimu.

NA SISI TUNA YA KWETU

Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu 1973, tena ya rangi, wakati ambapo nchi nyingi za Afrika zilikuwa hazijaota. Huku bara tulisubiri mpaka 1994, stesheni za watu binafsi zilipoanza kurusha matangazo. Baada ya hapo, nani asiyekumbuka? Ikifika saa ya maigizo ya ITV, mtaa mzima ulihamia kwenye nyumba moja yenye kideo. Watoto chini kwenye mkeka, wakubwa kwenye viti, wengine dirishani. Mambo Hayo wakiigiza, hakuna anayekohoa. Kaole wakiingia, hata ugali unaungua jikoni.

Sasa sikiliza. Tarehe 5 Machi, 2016, jijini Lagos, Nigeria, kwenye tuzo za Africa Magic Viewers' Choice, Watanzania wawili waliitwa jukwaani. Elizabeth Michael, Lulu, alichukua tuzo ya filamu bora ya Afrika Mashariki kwa Mapenzi ya Mungu. Single Mtambalike, Richie, akachukua ile ya filamu bora ya Kiswahili kwa Kitendawili. Bongo ilitikisika. Lakini hawa watu walitokea wapi? Richie alitoka Mambo Hayo. Lulu alianza kuigiza na Kaole akiwa bado mtoto mdogo. Yaani wote wawili walipikwa kwenye yale maigizo ya usiku tuliyoyatazama tukiwa tumebanana kwenye mkeka.

Na wala usidhani tuzo ni mambo ya Lagos na Dar tu. Desemba 2021 Bodi ya Filamu ilitoa Tuzo za Filamu Tanzania jijini Mbeya, hapo jirani zetu, na mwaka uliofuata sherehe ikahamia Arusha. Kabla ya hapo, mwaka 2018, lilianza tamasha la Sinema Zetu la Azam, ambako filamu shindani zilirushwa kwanza kwenye chaneli ili watu wazione ndipo wachague. Majirani zetu Kenya nao wana Kalasha tangu 2009. Kwa hiyo jukwaa lipo. Swali ni moja: nani anachagua, na anachagua nini?

MAMA LISHE NA SISTA DU

Juzi jioni nilikuwa kwa mama lishe mmoja hapa Mkwajuni. Ana televisheni ndogo juu ya kabati la vyombo, na kila usiku wateja wake wanakula wali maharage huku wakitazama tamthilia. Huyo mama ni kiboko! Anawajua wahusika wote. Anajua nani alimsaliti nani, mwezi gani. Alinieleza kuwa yule mama mkwe wa kwenye tamthilia anaigiza vizuri kwa sababu hapigi kelele. "Mwanangu, mtu mbaya kweli hafoki," akasema. "Anakuchekea."

Pembeni yake alikaa sista du mmoja, kucha ndefu, simu kubwa ya maana. Alikuwa anapiga kura ya mwigizaji bora wa kike. Nikamuuliza, "Anti, umempa nani?" Akamtaja. Nikauliza tena, "Umeipenda kazi yake ipi?" Akacheka mpaka akashika kifua. "Kazi gani kaka? Mimi namfuatilia Instagram. Mawigi yake bomba!"

Kijana wa bodaboda aliyekuwa anasubiri chipsi akadakia: "Mimi nilimpa yule anayetoka mkoa wetu. Sijamuona, ila ni wa kwetu."

Nikamgeukia mama lishe. "Na wewe mama, umempa nani?" Akanionyesha simu yake ya kitochi, ile ya vitufe. "Kura yenyewe ni ya intaneti. Mimi nitapigia wapi?"

Mpenzi msomaji, hapo nilishindwa kumeza wali. Aliyetazama kila usiku kwa mwaka mzima hana kura. Ambaye hakutazama ana kura, na anaipiga kwa ajili ya wigi. Halafu usiku wa tuzo tukiona matokeo tunashika vichwa: "Hawa majaji vipi?" Majaji gani? Ni sisi!

KIBAYA CHAJITEMBEZA?

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi msemo huu umepata mtihani, maana hata kizuri kisipojitembeza hakuna anayekiona. Mwigizaji akiomba kura kwenye mtandao wake simlaumu. Ana watoto, ana kodi ya nyumba, na tuzo inaweza kumfungulia dili la tangazo la sabuni. Acha ajitembeze. Wa kulaumiwa ni mnunuzi anayenunua bila kufungua mfuko.

Hapa Mkwajuni wanalijua hili kuliko mimi. Hakuna mchimbaji mwenye akili anayenunua mwamba kwa kuangalia sura yake. Anachukua kipande, anakiponda, anakiosha kwenye karai, maji yakipungua ndipo anaona kama kuna kitu ama kuna mchanga. Mwamba wenye weupe wa kupendeza unaweza usiwe na kitu, na ule mweusi uliokaa vibaya ukamjengea mtu nyumba. Sasa iweje tuwe makini na jiwe, halafu kwa kazi ya mtu tuangalie wigi?

Wenzetu wa Emmy kura hawakuiachia mtaa. Waigizaji wanateuliwa na waigizaji wenzao, waongozaji na waongozaji, waandishi na waandishi. Kwa miaka mingi majaji wao walikusanywa hotelini kazi ikiwa ni moja tu: kukaa na kutazama kanda za wateule, kisha ndiyo wapige kura. Sisemi njia yao haina kasoro. Nao hulalamikiana kila mwaka, tena sana. Lakini kanuni yenyewe ni nzuri: tazama kwanza.

Na faida yake nimeiona. Septemba 2024 tamthilia ya Shōgun ilizoa tuzo 18 za Emmy za mwaka huo, ikiwemo ya tamthilia bora. Sehemu kubwa ya mazungumzo yake ni Kijapani! Miaka miwili kabla, Lee Jung-jae wa Korea aliondoka na tuzo ya mwigizaji bora kwa Squid Game, akiwa ameigiza kwa Kikorea mwanzo mwisho. Wangekuwa wanachagua "wa kwetu," Mjapani na Mkorea wangetokea wapi? Kwa hiyo yule anayesema Kiswahili ndicho kinachotukwamisha aje tuongee. Kiswahili hakimzuii mtu. Kazi mbovu ndiyo inamzuia.

UFANYE NINI SASA?

Msimu mwingine wa tuzo utakuja, na ujumbe wa kuomba kura utaingia kwenye simu yako kabla hujanawa uso. Kabla hujabonyeza, fanya haya.

Kwanza, tazama. Kama ni tamthilia, angalia vipindi vitatu vinne. Huna muda? Basi usipige kura. Si dhambi, hakuna atakayekukamata.

Pili, jiulize kama wakati unatazama ulisahau kuwa huyo ni msanii fulani. Ukimsahau mtu ukamuona mhusika, hapo kuna mwigizaji. Ukimaliza kipindi kizima unakumbuka viatu vyake tu, hapo kuna viatu.

Tatu, fumba macho usikilize. Sauti inasikika, au upepo unavuma kuliko maneno? Kuna mtu alishika kile kinasa sauti juani siku nzima. Kuna aliyeandika stori. Kuna aliyekaa usiku akikatakata na kuunganisha picha. Marekani wana usiku mwingine kabisa wa Emmy kwa ajili ya mafundi wa sauti na picha, na kati ya zile tuzo 18 za Shōgun, 14 zilipatikana huko. Huku kwetu kipengele cha fundi sauti kikitajwa, ndiyo muda wa watu kwenda kununua soda.

Nne, na hili naliomba kwa heshima zote: muazime simu mtu aliyetazama. Nyumbani kwako kuna bi mkubwa, kuna shangazi, kuna dada wa kazi ambaye hajakosa kipindi hata kimoja. Muulize, "Mama, nani kaigiza vizuri mwaka huu?" Atakupa majibu ambayo hutayapata Instagram. Mpe simu, muonyeshe pa kubonyeza, achague mwenyewe. Bando lako halitaisha kwa kura moja.

Kwa nini nang'ang'ania jambo dogo namna hii? Kwa sababu kuna binti mahali fulani, labda Saza, labda Tunduma, labda hapa hapa Mkwajuni, ana kipaji cha kukuliza na kukuchekesha ndani ya dakika moja. Hana wafuasi laki tano. Hana wigi. Akiona kila mwaka tuzo inakwenda kwa mwenye sura na mashabiki, atafanya hesabu zake. Ataacha kujifunza kuigiza aanze kujifunza kupiga picha. Na mimi na wewe tutabaki kijiweni tunalalamika kuwa Bongo hakuna waigizaji, huku tukitazama za Wakorea zilizoingizwa sauti za Kiswahili.

Lulu na Richie walitazamwa kwanza ndipo wakashangiliwa. Na waliowatazama ni wale wa kwenye mkeka, wasio na simu wala akaunti. Macho yale bado yapo, yamekaa mbele ya televisheni za mama lishe nchi nzima. Tunayaacha nje ya hesabu kwa uvivu wetu tu.

Haya, nafasi yangu imeisha na mhariri ameshaanza kunikodolea. Wewe unaonaje? Andika, lete maoni, nitukane ukitaka, ila uwe umesoma mpaka mwisho.

Tukutane wiki ijayo Mungu akipenda. Chao!