Mambo ya Uvuvi: Ndoana ya Manyoya

Asubuhi maji yakiwa yanajaa, watu wapitao ufukoni Diani huenda wakamwona mgeni ameingia baharini mpaka magotini, anapunga ufito mrefu mwembamba mbele na nyuma kama mtu afukuzaye ndege shambani. Mshipi wake huruka hewani, ukatua mbali, naye akauvuta kidogo kidogo kwa mkono. Mwisho wa mshipi huo hapana kipande cha pweza wala dagaa. Pana ndoana iliyofungwa manyoya, basi.

Wengi huuona uvuvi huo kuwa mchezo wa watu wenye fedha na nafasi. Kwa sehemu ni kweli. Lakini ndani ya mchezo huo mna kazi ya mikono ambayo imekwisha kuwapatia watu wengi wa Kenya chakula chao, nayo yaweza kumfaa kijana wa Gazi, Msambweni au Funzi. Ndiyo sababu twaieleza juma hili.

Waingereza huiita ndoana hiyo "nzi", maana asili yake ilikuwa kuiga wadudu waangukao mtoni. Jambo lenyewe ni la zamani sana. Aelianus, mwandishi wa Kirumi aliyeishi yapata miaka 1800 iliyopita, aliandika habari za watu wa Makedonia waliozungushia ndoana sufu nyekundu, wakaifunga na manyoya mawili ya shingo ya jogoo, wakavua samaki wa mtoni. Hapa Kenya ufundi huo ulikuja pamoja na samaki aitwaye trauti. Mwaka 1905 Ewart Grogan alileta mayai ya trauti kutoka Scotland, na samaki wakatiwa katika mto Gura, milima ya Nyandarua. Baadaye walienezwa katika mito ya Mlima Kenya, na kituo cha kuzalisha vifaranga wao kikawekwa Kiganjo, karibu na Nyeri. Trauti hapendi joto. Maji yakizidi kama digrii 20 hudhoofika. Kwa hiyo mtu asimtafute katika mto Ramisi wala Mkurumudzi.

Samaki hawezi kushuka Pwani, lakini ufundi waweza. Wako wafanyakazi wa Nairobi, wake kwa waume, ambao kazi yao ya kila siku ni kufunga manyoya juu ya ndoana, nazo hupelekwa kuuzwa Uingereza, Marekani na nchi nyingine. Mpaka leo hapana mashine iwezayo kuifanya kazi hiyo kama vidole. Wengi wa mafundi hao hawakupata kumvua trauti hata mmoja, walakini wavuvi wa Ulaya hawaijui kazi yao kuwa na kasoro. Nasi tunao Pwani wavulana wanaosuka nyavu na kutengeneza madema tangu utotoni. Vidole vyao si vizito kuliko vya watu wa Nairobi.

Tena mvuvi wetu si mgeni wa jambo hili. Akienda kurambaza, yaani kuburuta mshipi nyuma ya chombo ili kupata nguru au jodari, mara nyingi hufumua kamba ya naironi akaifunga juu ya ndoana ing'ae kama dagaa. Hiyo ni ndugu yake "nzi". Tofauti ni kwamba katika uvuvi wa ufito, ndoana ni nyepesi mno, haiwezi kutupwa mbali kwa uzito wake. Kinachotupwa ni mshipi wenyewe, uliotengenezwa mnene na mzito, nao huivuta ndoana nyuma yake. Anayetaka kujifunza kutupa kwa ufito basi aanze uwanjani, si majini, akiwa amekata ncha ya ndoana. Jicho la mtu ni moja tu kila upande.

Ndoana za bahari zina majina mashuhuri mawili. Moja ilibuniwa na Lefty Kreh wa Maryland, Marekani, katika miaka ya mwisho ya 1950. Ni manyoya marefu ya jogoo mkiani, na nywele za mnyama shingoni. Ilisifika hata Posta ya Marekani ikaitia picha yake katika stampu mwaka 1991. Ya pili ni ya Bob Clouser wa Pennsylvania, ya miaka ya 1980. Hiyo ndiyo tunayoipenda kwa miamba yetu, na sababu ni hii: Clouser alifunga vipande viwili vya risasi, kama macho ya samaki, upande mmoja wa shina la ndoana. Uzito huo huipindua ndoana majini, ncha ikatazama juu. Basi hupita juu ya matumbawe na majani ya bahari pasipo kunasa ovyo, na kila avutapo mvuvi hupanda, akiacha huzama, kama dagaa aliyejeruhiwa.

Namna ya kuifunga si ngumu. Ibane ndoana katika jiliwa ndogo. Asiye na jiliwa atumie koleo lililofungwa kwa mpira kwenye mpini. Chagua ndoana ya chuma kisichoshika kutu, maana chumvi huila ya kawaida kwa siku chache. Paka uzi nta. Uzungushe kutoka nyuma ya tundu la ndoana mpaka katikati ya shina, ukikaza sana, halafu funga macho ya risasi kwa mizunguko ya msalaba hata yasicheze. Chukua nywele nyeupe za mkia wa mbuzi, unene wa njiti mbili za kiberiti, zizidi urefu wa ndoana mara mbili. Zifunge mbele na nyuma ya macho. Geuza ndoana, funga upande wa ncha nywele nyingine, za manjano au za rangi ya majani. Maliza kwa mafundo, upake rangi ya kucha isiyo na rangi ili uzi usifumuke. Kosa la wanafunzi wengi ni kuweka nywele nyingi. Hapo huwa ufagio, si dagaa.

Faida yake iko wapi? Chambo cha pweza au ngisi ni fedha, au ni saa nyingi za kukanyaga mwamba, nacho huliwa na samaki wadogo mara moja. Ndoana ya manyoya hudumu samaki kadhaa. Wakati wa kusi, mitumbwi na ngalawa zikishindwa kutoka nje ya mwamba, kolekole na mzia wadogo bado huingia ndani kufuata simu, hasa maji yanapoanza kujaa karibu na milango ya mwamba na midomo ya hori za mikoko. Kwa mzia na nguru tia kipande cha waya mbele ya ndoana, la sivyo meno yao yataondoka nayo. Aliye mdogo hurudishwa akiwa hai, jambo lisilowezekana kwa juya lililokokotwa juu ya majani ya bahari. Juya la kukokota lilipigwa marufuku nchini mwaka 2001, na bado laonekana.

Lakini mtu asidanganyike. Ndoana hii haitashika mahali pa dema wala mshipi wa chambo. Changu na chewa wakaao chini hawaijali sana, na mwenye watoto sita asiuze mtumbwi wake kwa ajili ya ufito. Pato la hakika zaidi liko katika kufunga na kuuza: wageni huja Diani, na wengine hushuka Shimoni kuvua sulisuli katika Mkondo wa Pemba, nao hupoteza ndoana kila siku. Anayewaongoza wageni hao na ahakikishe wana leseni, aulize kamati ya ufuo (BMU) ya mahali, na akumbuke kwamba ndani ya hifadhi ya Kisite hapana ruhusa ya kuvua kwa namna yoyote.

Kuhusu manyoya, kuku wa nyama wa siku hizi hafai. Huchinjwa akiwa na majuma machache, manyoya ya shingo hayajakomaa. Mtafute jogoo wa kienyeji aliyepita mwaka, mwenye shingo inayong'aa. Huko Marekani wako wafugaji wanaofuga majogoo kwa ajili ya manyoya hayo tu. Hapa kwetu hutupwa jaani siku ya karamu, pamoja na mkia wa mbuzi.