Jarida la fedha: tazama matangazo kabla ya bei

Mwekezaji mdogo anayetaka kulipia jarida la fedha kwa mwaka mzima hutazama kwanza bei. Kwa maoni yetu, angeanza na kurasa za matangazo.

Mwaka 2006 wachumi wawili wa Marekani, Jonathan Reuter na Eric Zitzewitz, walitoa uchunguzi wao wa magazeti ya fedha ya huko, kuanzia 1997 hadi 2002. Katika majarida ya Money, Kiplinger's na SmartMoney, kampuni za mifuko ya uwekezaji zilizotangaza zaidi ndizo zilizoelekea kusifiwa zaidi. Katika New York Times na Wall Street Journal uhusiano huo haukuonekana. Anayelipa zumari ndiye huchagua wimbo.

Hii haina maana kwamba majarida hayafai. Yanafundisha hesabu za riba, bima na madeni. Lakini mwenye hisa katika Soko la Dar es Salaam au vipande vya Mfuko wa Umoja hatanufaika na kurasa za kodi ya Marekani.

Tafuta toleo la mwaka jana. Je, mhariri amerudi kupima alichopendekeza? Anataja ada za mfuko, au faida tu? Kama anakwepa, fedha yako ibaki mfukoni.

Tena usilipie miaka mitatu kwa tamaa ya punguzo. SmartMoney liliacha kuchapwa 2012, Money 2019. Nunua matoleo machache kwanza, ndipo uamue.