Tusiwalaumu vijana, umbali ndio unaowashinda

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Methali hii hunijia kila niwasikiapo vijana wa hapa Nakuru wakilalamika kwamba wameshindwa, si kwa uhodari wa mpinzani bali kwa kuchelewa kwa mtandao, katika michezo ya kompyuta inayochezwa na watu wengi kupitia intaneti. Wazee huwajibu kwamba huo ni uzembe unaotafuta kisingizio. Mimi nashikilia kwamba malalamiko hayo ni ya haki, na kwamba dawa yake haimo mikononi mwa vijana pekee.

Mchezaji abonyezapo kitufe, habari ya tendo lake husafiri hadi kwenye seva ya mchezo, huamuliwa huko, kisha jibu hurudi. Safari hiyo hupimwa kwa milisekunde, yaani sehemu ya elfu moja ya sekunde. Aishiye jirani na seva aweza kusubiri milisekunde 20, na aliye mbali 150 au zaidi. Katika mchezo wa kulenga shabaha, tofauti hiyo yatosha mmoja kufyatua na mwenzake kuanguka kabla hajaona lolote.

Bonde la Ufa linaijua adha hii tangu zamani. Mwaka 1970 kituo cha setilaiti kilifunguliwa Longonot, na kwa miaka mingi mawasiliano yetu na ng'ambo yalipitia angani. Setilaiti za aina hiyo ziko kilomita zipatazo 36,000 juu ya ikweta. Ujumbe kupanda na kushuka, na jibu kurudi kwa njia iyo hiyo, huchukua karibu nusu sekunde, hata mitambo iwe bora namna gani. Nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa mwaka 2009, tulipata nafuu kubwa.

Hata hivyo, nafuu si kupona. Mwanga ndani ya faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, wala hakuna kampuni iwezayo kuuhimiza upite hapo. London iko zaidi ya kilomita 6,500 kutoka Nakuru. Hata waya ungenyooka kama rula, ujumbe usingeweza kwenda na kurudi chini ya milisekunde 65, na waya haunyooki kamwe. Johannesburg, ambako michezo kama Counter-Strike na Dota 2 ina seva, ni karibu zaidi, lakini njia ya kufika huko nayo ina hatari zake. Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika, na Kenya nzima ikaonja uchungu wa kutegemea vya mbali.

Yapo ambayo mchezaji aweza kujifanyia. Atumie waya badala ya Wi-Fi, na asicheze wakati jamaa zake nyumbani wanapakua filamu, kwani ujumbe wake utakwama kwenye foleni ndani ya ruta. Watunzi wa michezo nao wamejitahidi. Mwaka 1996 QuakeWorld ilimwezesha mchezaji kuona hatua zake papo hapo bila kungoja jibu la seva. Mwaka 2001 Yahn Bernier wa kampuni ya Valve alieleza jinsi seva inavyoweza kurudisha saa nyuma ili ijue mchezaji alikuwa akiona nini alipofyatua. Mbinu hizi zina manufaa, ila huficha uchelewaji bila kuuondoa. Ndiyo maana aliyekwisha kujibanza nyuma ya ukuta hujikuta ameuawa na risasi ya mtu aliyemwona kitambo.

Dawa halisi ni kuileta seva karibu, na jambo hili si geni kwetu. Kituo cha KIXP cha kubadilishana mawasiliano ya intaneti kilianzishwa Nairobi mwaka 2000, kikafungwa, kisha kikafunguliwa tena mwaka 2002, ili ujumbe wa Mkenya kwa Mkenya usilazimike kupitia ng'ambo. Mwaka 2015 seva za M-Pesa zilihamishwa kutoka Ujerumani hadi humu nchini. Ikiwa pesa zetu zilirudi nyumbani, michezo ya watoto wetu ina kosa gani?

Mei 2024 kampuni za Microsoft na G42 zilitangaza mpango wa kujenga kituo cha data Olkaria, katika kaunti yetu, kwa nguvu za mvuke wa ardhini. Rai yangu ni kwamba serikali, izungumzapo na wawekezaji wa aina hiyo, idai nafasi ya seva za michezo na huduma nyingine zitumiwazo na wananchi. Aidha, kampuni zinazotuuzia intaneti na kujisifu kwa wingi wa megabiti zilazimishwe kutangaza pia muda wa kungoja.

Wapo watakaosema kwamba michezo ni anasa. Nawakumbusha kwamba milisekunde zizo hizo humchelewesha daktari anayeshauriana na mwenzake kwa video, na mwalimu anayefundisha kutoka mbali. Isitoshe, michezo hii ina mashindano yenye zawadi za fedha. Kijana wa Kaptembwo akishindwa, na ashindwe na mwenye ustadi kumpita, si na mwenye bahati ya kuzaliwa jirani na seva.